Mtani Haombi Radhi

Nakiwale, njia ya Rutamba
16 Mei 2011

Mtumwa wangu Saad,

Salamu. Sisi huku wazima. Wewe sikuulizi, kwa sababu Mmwera hajawahi kuwa mzima tangu aumbwe.

Tumefika jana saa kumi, mimi na mama yako. Bi Mwahija hakutia kitu mdomoni tangu Dar es Salaam mpaka Nangurukuru, hapo akala muhogo nusu. Baba yako Mzee Kibwana alitusubiri kituoni na baiskeli. Hakuuliza mengi. Alisema tu, "Yuko hai?" Nikamjibu, "Hai, lakini bado ni mbaya wa sura." Akacheka, basi nikajua ataweza kulala.

Kwenye daftari langu nimeandika mambo yote ya tarehe 13 pale kituo cha polisi, nawe uyajue. Wale askari wawili vijana walitukatalia kukuona. Halafu akatoka sajini mmoja mtu mzima. Nikamwambia, "Afande, huyo mliyemfungia ni mtumwa wangu. Amenitoroka, nimekuja kumchukua." Akanitazama. "Kabila gani wewe?" "Mmakonde." "Na yeye?" "Mmwera." Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe kwao Newala, Mmakonde mwenzangu. "Basi mlishe kwanza," akasema, "mtumwa mwenye njaa hafanyi kazi." Ndiyo maana wali ulikufikia ukiwa wa moto.

Saad, kugoma kwa sababu ya maji ya bwenini si dhambi. Lakini mama yako ana presha. Ukipanda tena juu ya meza kuwahutubia wanafunzi, kwanza mkumbuke.

Mwenye mali yake,
Mtani wako Tekla


Dar es Salaam
2 Juni 2011

Mtumwa wangu Tekla,

Habari za siku. Mwambie mama sijambo, mbavu zimepoa. Na wewe je, umeshawala panya wote wa Nakiwale au umewabakizia wageni?

Chuo kimenisimamisha mwaka mzima. Barua wamenipa leo. Wenzangu wamenibeba mabegani mpaka getini wakiimba jina langu, na nitakuambia kweli kwa kuwa wewe ni mtani, huwezi kunidharau zaidi ya unavyonidharau sasa: nilifurahi. Nilisahau kwamba nafukuzwa. Nilitamani geti liwe mbali.

Hilo limenitisha. Kwa hiyo nakuachia wosia, uuandike kwenye hilo daftari lako na tarehe yake. Siku ukiniona nimevimba, nitoboe. Popote, mbele ya yeyote. Wengine wakinisema nitawaona wabaya wangu. Wewe sina pa kukushtaki.

Mtani wako,
Saad


Nakiwale
22 Novemba 2015

Mtumwa wangu Mheshimiwa Mbunge,

Shikamoo ya kejeli. Hatujambo wote. Baba yako amekata nywele kwa ajili ya kuapishwa kwako, halafu ameangalia kwenye televisheni ya jirani na hakukuona, kamera ilipita haraka. Amesema si neno, aliiona suti.

Mkutano wako wa mwisho hapa nilisimama nyuma. Uliongea vizuri. Ulisema zahanati yetu itapata kisima kabla mwaka haujaisha. Nimeandika. Wewe wajua mimi ndiye mtunza stoo ya dawa, na wajua kwamba mama anayekuja kujifungua huku huja na ndoo yake ya maji kichwani. Sikukuzomea siku ile kwa sababu hukuwa umevimba. Bado.

Mtani wako,
Tekla


[Ujumbe wa simu kutoka kwa Saad, 19 Aprili 2018]

Mtani niko kwenye kikao. Nitapiga.


Nakiwale
20 Februari 2023

Mtumwa wangu Saad,

Natumaini u mzima, na kwamba umerudi salama Dodoma baada ya msiba. Mama yako anakula kidogo. Nalala kwake.

Nimepiga simu mara sita, inapokelewa na msaidizi wako Yassini. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi.

Nakueleza yaliyotokea, kwa mpangilio, maana huenda hukuelezwa.

Tarehe 4, siku ya kumzika Mzee Kibwana, nilifanya kazi ya mtani. Wewe unakijua kilicho chetu: Mmwera akifiwa, Mmakonde anachekesha, tunatukanana tukiwa hai na tunazikana tukifa. Nilivaa koti la marehemu na kofia yake, nikajifunga kamba ya kanga kiunoni, nikasimama na mchi katikati ya njia. Gari lako likaja. Nikasema, "Mtumwa wangu, shuka! Baba yako alikwenda kwa miguu miaka themanini, wewe wa gari umezaliwa na nani?" Watu wakacheka. Kioo hakikushuka. Nikaigiza sauti yako: "Ndugu zangu, kuhusu kisima, mchakato unaendelea." Hapo hata mama yako, na machozi yake, alicheka. Ndicho nilichokitafuta. Kisha nikapisha.

Yassini alikuwa anarekodi. Nilidhani ni kumbukumbu ya familia.

Tarehe 9 niliitwa kituoni mjini. Wakaniambia nimemdhalilisha Naibu Waziri, yaani wewe, kwa kukuita mtumwa hadharani. Nikamwambia afande ni utani. Akasema, "Mama, hapa hatuna utani." Kijana wa mbali, hata hasira hakuwa nayo. Nilikaa mahabusu siku mbili. Sasa naripoti kila Jumatatu, na kazini nimesimamishwa mpaka suala liishe.

Saad, sitaki mambo makubwa. Andika mstari mmoja uende kituoni: Tekla binti Rafaeli ni mtani wangu. Basi. Sajini wa mwaka ule alihitaji maneno machache kuliko hayo.

Mtani wako,
Tekla


Dodoma
6 Machi 2023

Bi. Tekla Rafaeli,

Mheshimiwa Naibu Waziri amepokea barua yako na anakutakia afya njema. Anakufahamisha kuwa suala lako liko mikononi mwa vyombo husika na si busara kuliingilia.

Yassini,
kwa niaba ya Mheshimiwa


Nakiwale
14 Machi 2023

Saad,

Ile ya Yassini nimeipata. Nimeisoma mara moja, imetosha.

Kesho ni arobaini ya baba yako. Mama ameniuliza kama utakuja. Nimemwambia una kazi.

Jumatatu iliyopita nilitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuripoti, nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane, nikaweka saini, nikarudi. Nimechoka. Si hasira. Ni ule uchovu wa mtu anayebeba ndoo moja njia ile ile. Sisi wa zahanati tunaujua.

Bado nasubiri mstari.

Mtani wako


Dodoma
27 Machi 2023

Tekla,

Naandika kwa mkono wangu, na Yassini hajui.

Sikuagiza wakukamate. Video ilisambaa, watu wa juu wakaiona, nami nikaulizwa: Mheshimiwa, unaitwa mtumwa unanyamaza? Nikanyamaza. Kioo sikukishusha kwa sababu nilikuwa nalia, na ndani ya gari nilikuwa na wageni.

Wanasema mabadiliko ya baraza la mawaziri yako karibu na jina langu limo. Nikiandika kwamba ni utani, wataniona mtu wa mambo ya kijijini. Lakini ipo njia. Andika barua ya kuomba radhi, fupi tu. Faili litafungwa siku hiyo hiyo na kazini utarudi. Wameniahidi.

Najua ninachokuomba. Najua mtani haombi radhi. Lakini ni karatasi tu, Tekla. Sisi wawili tutajua.

Mtani wako,
Saad


Nakiwale
5 Aprili 2023

Mheshimiwa Naibu Waziri,
Dodoma.

YAH: KUOMBA RADHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi, Tekla Rafaeli, mkazi wa Nakiwale, naomba radhi kwa maneno niliyoyatamka tarehe 4 Februari 2023 mbele ya msafara wako. Maneno hayo hayakuwa na heshima. Hayatarudiwa.

Wako mtiifu,
Tekla Rafaeli
Mtunza Stoo


Nakiwale, nyumbani kwa marehemu mama
11 Agosti 2024

Mtumwa wangu Tekla,

Wazima? Nasikia mmeanza kula hata popo sasa, panya wamewakimbia.

Nakuandikia nikiwa nyumba ya tatu kutoka kwako, na naona haya kuvuka uwanja. Juzi tulipomzika mama sikulala. Nilikuwa nasubiri. Gari nililiacha barabara kuu makusudi, nikaja kwa miguu, ili ukinizuia uone nimeshuka. Hakuna aliyezuia. Jeneza likapita kama mzigo wa serikali. Hakuna aliyevaa kanga ya mama, hakuna aliyeigiza alivyokuwa akigomba na kuku. Ulikuwepo, nilikuona. Ulipika, uligawa maji, ulinipa mkono kwa mikono miwili na ukainamisha kichwa. Ukasema, "Pole sana, Mheshimiwa."

Uwaziri sikupata. Unaibu nao walishaniondoa Januari, wajua. Si hilo linaloniuma.

Alhamisi tunafanya hitima. Njoo unitukane. Sema la kisima, nalistahili. Nizomee mpaka watu wachoke. Niliuacha wosia kwako mwaka 2011 na najua uliandika na tarehe.

Mtani wako,
Saad


Nakiwale
12 Agosti 2024

Mheshimiwa Saad Kibwana,

Salamu nyingi za heshima. Barua yako nimeipokea leo asubuhi.

Natoa tena pole kwa msiba wa mama yetu. Alikuwa mtu mwema, na mlinipa nafasi ya kumuuguza, nashukuru.

Hitima ya Alhamisi nitahudhuria. Nitakuja mapema kusaidia kupika, na nitaleta sufuria mbili na jamvi.

Wosia wa tarehe 2 Juni 2011 upo. Nimeutazama jana kabla sijapata barua yako.

Sisi huku hatujambo.

Tekla Rafaeli