Mtani Anayelala Barazani

Jumatano, 1 Machi 1989

Suruali nne leo. Zote za mitumba, zote kupunguza miguu. Wenye suruali hizi huko zitokako wana miguu mirefu, sisi wa Kibiti tuna mifupi, na tofauti yake ndiyo unga wa nyumbani kwangu. Zamani nilishona kanzu za maharusi. Sasa mimi ni kinyozi wa suruali.

Joto. Mvua inanukia lakini hainyeshi.

Mzee Shija bado tunaye. Analala nyuma ya cherehani yangu, kwenye baraza la lile duka la ushirika lililofungwa, juu ya magunia mawili. Alishuka kwenye lori la magogo mwezi uliopita, na kifuko kimoja. Nilijua anakuja kuomba. Nikainamisha uso, nikajifanya natunga uzi. Naijua hila hiyo, ninaitumia sana.

Hakuomba. Aliniuliza kabila. Nikamwambia Mndengereko. Akapiga makofi. "Lo! Watani zangu! Mnyamwezi miye. Babu yangu alimvusha babu yako Rufiji mgongoni, maana alikuwa akiogopa mamba. Nimefuata ujira wake." Kisha akanivua kofia, akaivaa; mtani kwa mila akichukua chako hukasiriki. Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Kofia niliikomboa kwa shati.

Toka siku ile hajalala njaa. Anapita kwa Bi Tatu, mama muuza chai, anaketi. Bi Tatu anaweka chapati ukingoni mwa meza, anageuka kuchochea moto. Akigeuka tena, chapati haipo. "Mwizi wa Kinyamwezi! Jitu zima halina haya!" Shija anajibu mdomo umejaa: "Haya naiacha kwenu, shemeji, chapati zenu zenyewe zinaona haya kuitwa chapati." Kila asubuhi ndivyo. Bi Tatu naye, nimemwona, kubwa ndiyo anayoiweka ukingoni.

Ijumaa, 3 Machi

Msikitini. Ombaomba walikuwa mlangoni kama kawaida ya Ijumaa, kipofu mmoja na mama wawili. Nilitoa sarafu. Njiani kurudi nikajaribu kukumbuka sura ya yule niliyempa. Sikumbuki. Nakumbuka kiganja.

Sote tulikuwa hivyo. Mkono huku, macho kule, kama watu wanaotupa maganda.

Shija hakukaa kwenye mstari. Alimsubiri mwenyekiti wa kijiji atoke, akamnyang'anya kofia mbele ya watu. "Kofia kubwa hivi kwa akili ndogo hivi! Tutakusaidia kuibeba." Watu walivunjika mbavu. Mwenyekiti alicheka kuliko wote, akamchukua kwake kula wali.

Mzee yule namhusudu. Ana nguo moja na nusu, hana kwao, hana ufunguo wa mlango wowote duniani. Lakini kila anayempa anamtazama usoni. Miye nina nyumba na mke, na wateja wangu wanatazama miguu ya suruali zao, si uso wangu.

Jumatatu, 6 Machi

Jengo la ushirika limepata mtu. Rajabu, kijana wa hapahapa, alikwenda Dar akiwa na baiskeli amerudi na pikapu. Amelipangisha. Anapaka rangi ya kijani, anashusha kreti za soda, sabuni za kunukia, redio za kaseti. Kila kitu ruksa siku hizi. Duka litafunguliwa Jumamosi.

Mimi nitabaki pembeni mwa baraza. Ananihitaji kwa mapazia. Shija atoke.

Rajabu si mbaya. Alinieleza kwa adabu, shikamoo mbele. "Fundi, abiria wa basi akishuka akaona mtu amelala mlangoni, soda hanunui. Anaona hapa pa dhiki."  Miye mwenyewe nikiona hoteli ina mtu amelala mlangoni napita.

Shija alipofika alijaribu dawa yake. Akazunguka pikapu, akagonga boneti: "Mtani wangu amenunua punda wa bati! Babu yako hakuwa hata na mbuzi." Tukacheka. Rajabu hakucheka.

"Mzee, mambo ya utani niliyaacha zamani. Hapa nafanya biashara."

Sijapata kuona Mndengereko asiyecheka na mtani. Ni kama kumwona mtu anakataa salamu. Shija alisimama kidogo, mkono bado uko juu ya boneti. Akauondoa taratibu.

Jumatano, 8 Machi

Siku mbaya.

Maganga alikuja nimtilie suruali kiraka. Maganga ndiye fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, Mnyamwezi wa Tabora kabisa, amekuwa likizo kwao mwezi mzima. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwita Shija: njoo, kaka yako huyu! Nilifikiri nawaandalia karamu.

Maganga akamwamkia Kinyamwezi. Shija akatabasamu. Maganga akauliza kitu kirefu. Shija akakohoa, akasema koo linamwasha, akaenda kutafuta maji.

Maganga alimtazama akienda.  Akanitazama mimi, akachukua suruali yake yenye kiraka cha upande mmoja, akaondoka.

Rajabu alikuwa mlangoni anapanga kreti. Aliona yote.

Midomo yangu na iwe mizito siku nyingine.

Alhamisi, 9 Machi

Amenieleza. Sikumuuliza, alikuja mwenyewe alfajiri akaketi karibu na cherehani.

Haitwi Shija. Anaitwa Saidi. Si wa Tabora, hajafika hata Morogoro. Ni wa Salale, huko kwenye mikoko, safari ya lori na mtumbwi kutoka hapa. Mwenzetu, Mndengereko. Maji yalichukua nyumba, na mwaka uleule mkewe akafariki. Akakaa kwa mpwa wake. Siku moja akawasikia jikoni wanashauriana nani ampokee baada yao. Hawakusema kwa ubaya, anasema. Walisema kama watu wanaohamisha kitanda. Kabla ya jua kutoka alikwisha ondoka.

Niliudhika. Naandika kweli, niliudhika sana. Shati langu! Vicheko vyangu vyote vile! Nikamuuliza kwa nini asiseme tu yeye nani.

Akasema: "Fundi, ndugu akiomba, ukoo mzima unaona aibu. Mtani akiomba, watu wanacheka, wanampa, na kesho wanamwuliza mbona hukuja."

 Nilikanyaga cherehani bila kitambaa.

Baadaye, nikila, hasira ikaisha yenyewe. Nilianza kufikiri kazi aliyoifanya. Kila asubuhi kuamka na mgongo unauma, tumbo tupu, mke kaburini, na kabla ya kunywa hata maji kutafuta mzaha mpya wa kumfurahisha Bi Tatu. Miye mke wangu Mwanaidi akichelewesha chai tu nanuna mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 10 Machi

Rajabu amepeleka shauri ofisi ya kijiji. Mzururaji, tena mwongo, amejipa kabila lisilo lake. Anataka mgambo wamchukue, apandishwe lori, apelekwe wilayani wakajue la kumfanya. Kikao kesho asubuhi. Maganga ameitwa awe shahidi.

Shija hakwenda msikitini. Hakwenda kwa Bi Tatu. Amekunja magunia yake vizuri, kona kwa kona, kama mtu anayerudisha vitu vya watu.

Nilimwambia akimbie, aende Ikwiriri. Akasema amechoka kuondoka alfajiri.

Saa nne Bi Tatu alikuja mwenyewe na chapati kwenye sahani, imefunikwa. Hajapata kuleta. Akaiweka sakafuni karibu naye, akasimama akitazama barabarani. Chapati haikuguswa. Bi Tatu akaanza kumtukana, mwizi, mvivu, jitu la bara. Sauti ilimkatikia njiani. Akaondoka.

Naogopa kesho. Akiulizwa Maganga atasema nini isipokuwa kweli?

Jumamosi, 11 Machi

Niandike kabla sijasahau hata neno.

Ofisi ilijaa, wengine madirishani. Sikujua mji wetu una watu wengi wasio na kazi. Shija alikaa kwenye benchi la mbele, na lile shati langu, kalifua.

Rajabu alizungumza vizuri. Hana chuki na mtu, akasema. Masikini wapo na watasaidiwa kwa utaratibu. Lakini huyu anakula kwa jina la uongo. Mtani wa kweli haguswi, yeye mwenyewe anajua mila, ila huyu si mtani wa mtu. Nikaona vichwa vinainama kukubali. Kilichoniuma ni kwamba hakusema uongo hata mahali pamoja.

Mwenyekiti akamwita Maganga. "Wewe ni mtu wa Tabora. Huyu ni mwenzenu?"

Maganga akasimama, pumba za mpunga bado ziko mikononi. Akamzunguka Shija polepole. Akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akamtazama meno kama mbuzi wa mnadani. Shija alifumba macho. Nilijua kwisha.

"Mwenyekiti," akasema Maganga, "kwanza mimi nani kwenu?"

"Mtani wetu."

"Na lini Mndengereko akamwamini Mnyamwezi?"

Mtu mmoja dirishani akaanza kucheka.

"Nikisema huyu ni wetu, mtasema nawatania. Nikisema si wetu, mtasema nawatania. Mke wangu mwenyewe nilimwoa hapa, hajaamini neno langu hadi leo. Mimi mtanileta mbele ya serikali kuapa? Mmekosa shahidi mwingine mji mzima? Hata punda wenu hayupo?"

Ofisi ililipuka. Mwenyekiti alipiga meza, naye mabega yanamtikisika. Rajabu akasema kwa nguvu, jamani, hili ni shauri, watu wamedanganywa!

Ndipo Bi Tatu akasimama.  Bi Tatu akisimama hata mbwa hukaa.

"Aliyedanganywa anyooshe mkono tumwone."

Tukatazamana. Yupo mzee wa Maparoni aliyempa dagaa kila wiki. Wapo makuli wa stendi, yupo imamu, yupo mke wa mwenyekiti. Mkono haukuonekana. Wangu niliukalia.

"Mimi marehemu baba alikuwa akivua Salale," akasema Bi Tatu. "Mtu anavyokaa mtumbwini namjua hata akikaa kwenye benchi. Ati Tabora! Ila mtu akija kwangu na mzaha wake, si nimrudishie mzaha wake? Nimwambie vua nguo tukuone?" Akaketi.

Kumbe. Wote hao, na vicheko vyote vile. Wa mwisho kujua alikuwa fundi cherehani aliyeshinda naye baraza moja mchana kutwa.

Mwenyekiti akafuta macho, akatoa uamuzi. Mambo ya utani si ya ofisi, hayakuanzia ofisini. Na anayemkasirikia mtani mila yake inajulikana. Atoe kuku.

Rajabu alisimama pale, mikono inaning'inia. Niliona jinsi alivyo kijana. Watu wakamgeukia Shija wasikie atakavyosema. Machozi yalikuwa yanamteremka waziwazi na hakuyafuta. 

"Awe jogoo," akasema. "Matetea ya Wandengereko yamekonda kama wenyewe."

 Lakini alilisema, mpaka mwisho.

Jumapili, 12 Machi

Duka lilifunguliwa jana alasiri. Soda baridi. Nilikunywa moja, ikanipa kwikwi.

Jogoo aliletwa leo. Mkubwa, mwekundu. Bi Tatu alimpika. Rajabu alialikwa, ndivyo mila, akaja akakaa sahani moja na mzee. Alikula kidogo. Hakuna aliyemtania sana, walimwonea huruma. Shija alimwekea paja. Rajabu alilitazama lile paja muda mrefu kabla ya kulichukua.

Hawakusema juu ya baraza. Hakuna aliyejua alale wapi leo. Nami sikuuliza, midomo yangu nimeikanya.

Jumanne, 14 Machi

Mvua imekuja, usiku kucha na upepo wa kutoka deltani. Sikulala vizuri. Baraza lile linapigwa upande wa mashariki, hakuna mahali pakavu.

Nilitoka mapema kuliko desturi, Mwanaidi akaniuliza kama naumwa. Matope hadi kwenye vifundo. Nilipofika baraza lilikuwa limelowa lote, na magunia hayakuwepo. 

Rajabu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Amejikunyata, shati limelowa begani. Mlango wa duka nyuma yake uko wazi kidogo tu, upana wa mkono. Nikachungulia. Kati ya kreti za soda na maboksi ya sabuni, mzee kalala chali juu ya magunia, kajifunika pazia la kijani nililoshona mimi. Anakoroma.

Nikamtazama Rajabu.

"Bado kalala," akasema kwa sauti ya chini.

Basi la kwanza la Dar likapita. Abiria wawili wakashuka wakiulizia soda. Rajabu akawaonyesha kwa mkono wasubiri. Wakasubiri.

Nilikuwa na suruali sita za kupunguza, mbili za haraka. Nikafunua cherehani, nikatunga uzi. Kisha nikaweka mikono mapajani. Cherehani yangu ina kelele.

Tukakaa.