Gari Linalomisi Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi 1985
Nimefungua boneti, nikapima maji na oili, nikaliacha wazi na kuingia ndani kunywa chai, kama kawaida. Kuwasha, linamisi tena, moto wa injini unakatikakatika. Linatikisika zima. Kufika Kakuyuni kuchukua mihogo, limetulia. Pikapu la kinafiki hili.

Jumanne, 5 Machi
Plagi mpya zote nne. Bado linamisi.
Ijumaa nampeleka Mama Kilifi kupasuliwa mtoto wa jicho. Watu sasa anawajua kwa sauti tu. Daktari yupo siku hiyo moja, kisha harudi hadi mwisho wa mwaka. Kwenda kwa basi hataki. "Gari lako likigoma asubuhi hiyo, ni ishara. Siendi." Anaogopa kisu, anatafuta kisingizio. Nami naogopa asije akakipata.

Jumatano, 6 Machi
Jioni amekuja Kamau, fundi wa mtaa wa Kisumu Ndogo. Gari likanguruma safi. Akaniangalia kama mwongo. Nimeudhika sana. Nimemwambia aje alfajiri ajionee.

Alhamisi, 7 Machi
Kaja. Kajionea. Kafungua kofia ya distribyuta, inayogawia plagi moto: ina ufa, na ndani imelowa. Mvua hamna wiki nzima. Kamau akanusa. "Hii si maji, ni marashi. Injini ikipata joto inakauka."
Nikageuka. Mama yuko mlangoni, chupa yake ya mrashi mkononi. Kumbe kila asubuhi nikinywa chai, yeye hupapasa hadi kwenye boneti, akaniombea dua ya safari na kuinyunyizia injini marashi ya waridi. Hasazi.
Nimecheka hadi nikakaa chini. Kamau kakausha, kafunga kofia nyingine. La ufa sikumwambia Mama, asije akaliita ishara. Nimemwomba tu anyunyizie magurudumu, maana ndiyo yanayotembea. Akasema hilo lina maana.

Ijumaa, 8 Machi
Limewaka mara moja. Mama kapanda. Kanishika mkono hadi Kilifi, gia nimebadilisha kwa taabu. Jicho la kulia limepasuliwa salama. Alhamdulillahi. Nimechoka, nina raha.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekwenda kumchukua hospitali. Bandeji imetoka, kavaa miwani mizito. Nje akasimama mbele ya pikapu. Akalizunguka taratibu, akagusa kutu ya mlango.
"Ndilo hili?"
"Ndilo, Mama."
"Ningaliliona, nisingalilipanda."
Kisha akapanda. Tumerudi polepole. Alitaka kutazama nje.