Kaka Kala Soseji, Karatasi ya Jumapili Kaninyima

Bi Eunice,

Nisaidie kabla sijajitia matatani. Nina miaka sitini na mmoja, na miaka thelathini na miwili nimekatakata kuku kiwandani Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo siku yangu ya kuwinda kulungu ingekuwa Jumapili tu, na Jumapili sheria yetu hapa Pennsylvania ilikataza, ndiyo maana wabunge wa jimbo walipokuja kusikiliza maoni kwenye ukumbi wa zimamoto nilisimama nikasema, na sheria ilipolegezwa nililia kwa furaha, ila wakaweka sharti kwamba Jumapili huwindi kwenye shamba la mtu bila idhini yake ya maandishi, na shamba letu baba alimwachia kaka yangu Merle, shemasi. Merle amewasainia majirani wawili na fundi wake wa trekta. Mimi nilimpelekea karatasi imeshaandikwa, bado sahihi tu, pamoja na soseji ya kulungu anayoipenda. Soseji akapokea.

"Karatasi kaombe kwa wale wabunge waliokupigia makofi, dada," akaniambia, na mkewe akacheka huko jikoni.

Bi Eunice, kichanja cha kuwindia kilicho juu ya mwaloni wa shamba lile nilikijenga na baba nikiwa na miaka kumi na miwili. Magoti yangu yamekwisha, daktari kasema mwakani nisahau ngazi, kwa hiyo msimu huu ndio wangu wa mwisho. Nijipenyeze shambani kupitia kijitoni Jumapili ijayo bila karatasi? Kwetu nilikozaliwa nako niombe ruhusa?

Nisikufiche, siku ile ukumbini nilisema hata marehemu baba, shemasi wa miaka ishirini, alikuwa akiwinda kwa siri Jumapili baada ya ibada. Watu walicheka sana. Lakini ni kweli, nilikuwa naye.

Arlene

Arlene,

Pole kwa magoti. Kaka yako ana roho mbaya, kula soseji ya mtu na kumnyima sahihi, na naandika hivi gazetini nikijua atasoma.

Sasa wewe. Usithubutu kupita kijitoni. Askari wa wanyamapori hatakuuliza nani alipigilia mbao za kichanja, atakuuliza karatasi iko wapi. Sheria hii umeipigania mwenyewe, na sharti lake ni lako pia.

Halafu hilo ulilolisukumia mwishoni mwa barua ndilo lililokuponza. Mimi nilikuwepo ukumbini, Arlene, na nilicheka, Mungu anisamehe. Merle alitoka nje tukiwa bado tunacheka. Kila Jumapili anapitisha kapu la sadaka mbele ya watu wale wale.

Jumapili hii bunduki ibaki kabatini. Nenda kanisani kwa Merle, na wakati wa matangazo uombe dakika moja. Usijitetee kwamba ni kweli, maana hakuna anayebisha. Muombe radhi baba yako kwa sauti ile ile uliyotumia ukumbini, kisha urudi nyumbani bila kutaja karatasi. Merle akikusainia, panda mwaloni wako. Asiposaini, utautazama ukiwa barabarani kama sisi wengine, na utavumilia.

Mzee yule alikuchukua msituni kwa siri kwa sababu alikuamini. Unalia kwamba kaka yako hakupi idhini. Na ya baba yako, kabla ya kumsimulia ukumbini, uliiomba lini?

Eunice