Maganda ya Jirani

Kasulu, mvua zimeanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti lako je, bado linakusumbua? Nalikumbuka kila siku, maana huku ni kupanda na kushuka tu. Mimi mzima wa mwili, ila moyo umenyong'onyea, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani.

Kifurushi chako cha maganda ya komamanga kilifika. Walimu wenzangu walicheka, eti mama ametuma takataka kutoka Pangani! Nikawaambia takataka hiyo ndiyo uliyotutibia matumbo utotoni. Tena kitabu cha lishe ninachofundishia kinasema vitamini za tunda zimejaa karibu na ganda, pale pale tunapomenya na kutupa. Nikavimba kichwa, mama.

Wanafunzi wangu wana minyoo, na mbegu za papai unajua kazi yake. Basi jirani yangu Mama Bukuru, yule aliyenipokea kwa uji siku niliyofika, akila matunda uani na wanawe, mimi nyuma yao naokota mbegu na maganda, naanika juu ya bati. Sikuomba. Nani huomba takataka?

Kumbe huku mabaki ya mdomo wa mtu hayaokotwi. Anayeyaokota ana lake, anataka kumroga aliyeyala. Na Bukuru, mkubwa wa wale mapacha wake, akashikwa na tumbo la kuhara. Nikakimbia na maji ya komamanga niliyochemsha. Mama yake alisimama mlangoni, kikombe hakukipokea.

"Mwakeye, mwalimu," alinisalimu, kwa upole tu. "Mabaki ya wanangu umeyapeleka wapi?"

Nikamwonyesha bati. Akapanda mwenyewe, akayakusanya mpaka mbegu ya mwisho, akayachoma moto.

Hospitali ilimpa Bukuru dawa, amepona, alhamdulillahi. Lakini mama yake sasa hunijibu salamu huku anatazama migomba. Siwezi kumkasirikia. Si sisi huko tunaofukia kucha na nywele zetu? Najuta, mama, najuta sana. Ulinifundisha nisitupe ganda; kuomba nilipaswa kujua mwenyewe.

Jana nilipita uani kwao. Bukuru alikuwa anakula embe. Aliponiona akalificha ganda mgongoni.

Nisalimie baba, na kaka fundi cherehani, na shangazi wa maandazi, mwambie hamu ya maandazi yake itaniua. Maganda usitume tena. Nitumie doti ya kanga, nimpelekee Mama Bukuru nikimwomba radhi. Uifunge vizuri kwa uzi, mama, aifungue mwenyewe, aone mkono wangu haujaigusa.

Mwanao akuwazaye,
Mwanahawa