Kila Kinachopita Kwenye Dirisha Jeusi

Jumatatu, 21 Januari 2008

Programu ya oda imekwama tena. Vikram, mtoto wa mdosi wetu mwenye hili duka la jumla, ndiye aliyeiandika. Yuko Nairobi, anaogopa barabara kwa vurugu hizi za uchaguzi. Amepiga simu: makosa yanapita kwenye lile dirisha jeusi la server, kompyuta inayoendesha programu, na kupotea kabla hayajasomwa. Ameniambia niyaelekeze kwenye faili, niiweke kwenye folda ya picha za bidhaa, aisome kwa browser akiwa huko. Nimefanya — imekubali! Gachanja wa stoo, tunayekaa naye ofisi moja, amenicheka. "Niaje msomi, bado unaangalia sinema?"

Jumatano, 23 Januari

Jerop amepiga simu. Kastoma wetu wa miaka mingi. Anataka unga, bale moja, lakini usipelekwe dukani kwake. Anawindwa kwa sababu ya kabila lake; amejificha na watoto kwenye stoo ya Hardeep, mfanyabiashara mwenzake, mtaa wa Free Area. Nimeandika hivyo hivyo nikatuma. Mara akashtuka: "Ngoja, Wangeci! Nilipo usiandike, tafadhali." Nimefungua oda tena, nimefuta, nimeweka "atachukua mwenyewe". Nimeangalia mara mbili. Safi.

Ijumaa, 25 Januari

Hatukufungua. Moshi pande zote. Mayowe.

Meseji ya Gachanja: wamechoma nyumba ya mathe, mama yake, kijijini Olenguruone, hakuna kitu imebaki. Nimejibu pole. Neno dogo hivyo!

Jumatatu, 28 Januari

Ninaandika nikiwa chooni, ofisini.

Tumefungua nusu mlango. Waliokimbia makwao wanahitaji unga. Gachanja alifika kabla yangu. Hakunisalimu.

Vikram amepiga. Kosa ameliona, ni dogo. Halafu akanong'ona: "Faili inaandika hadi fomu nzima ya oda. Nani amejificha kwa Hardeep?"

Oda niliifuta — lakini dirisha jeusi halifuti kitu. Limeandika maneno ya kwanza, kisha masahihisho chini yake. Jina, watoto, stoo, Free Area. Na mimi mwenyewe nimeyaweka kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuifungua, pamoja na picha za sabuni!

Kuna zaidi. Server inaandika pia kila anayefungua faili. Nimesoma. Vikram. Vikram. Kisha leo asubuhi, kompyuta ya stoo.

Kompyuta ya stoo ni ya Gachanja.

Labda aliona tu faili ngeni kati ya picha akaifungua. Labda hakufika hadi kwenye oda ya Jerop. Najiambia hivyo. Anayo haki ya kuwa na uchungu, lakini Jerop hakuchoma nyumba ya mtu, hata kama waliochoma ni wa kabila lake.

Nimeitoa faili. Nimempigia Jerop: mteja hapatikani. Hardeep: inaita, inaita, hashiki. Nimerudi kwenye kiti nikaangalia dirisha jeusi. Mstari mpya. Kompyuta ya stoo inaitafuta faili — haipo. Mstari mwingine. Haipo. Gachanja ameinama karibu na skrini, hanitazami.

Halafu akageuza kiti. Sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chai.

"Wangeci, Hardeep siku hizi anafunga stoo saa ngapi?"

Nimesema sijui. Nimesema naenda chooni.

Nimempigia Hardeep tena. Inaita. Nje nasikia Gachanja akimwambia mlinzi amfungulie geti, anatoka kidogo. Mlinzi anauliza anaenda na nani, hali ni mbaya.

Anasema vijana wanamngoja hapo nje. Simu bado inaita