Asubuhi Baba Hakugeuka

Mama yangu, wewe uliyelala kule Butembo,

Jana nilirudi kwenye kile kiwanja kumtafuta Baba. Unakikumbuka? Unapita katikati ya duka la vitambaa na kibanda cha fundi viatu, unaingia kichochoro ambacho mtu mnene anapita ubavu, na kelele zote za Goma zinabaki nyuma yako. Mikaratusi ingali pale, na lile jiwe refu la wakati wa Wabelgiji ambalo sanamu yake iling'olewa. Baba alikuwa amekaa chini yake. Nilimshika mkono nikamvuta, tukatoka mbio kama wezi.

Ni yeye aliyetupeleka pale mara ya kwanza. Miaka ya kupanda juu ya magunia ya maharagwe, lori likinguruma toka Butembo mpaka Goma, ilikuwa imeua sikio lake la kushoto, na la kulia lilisikia kwa shida. "Hapa mutu anaweza kusikia mawazo yake," alikwambia. Ukamcheka: "Wewe masikio hauna, utayasikia namna gani?" Tulikuwa na mikate ya moto mkononi. Nilikuwa na furaha kabisa, Mama, maana ulikuwa umenivalisha viatu vipya.

Halafu firimbi ikalia nyuma ya kuta, kule kwenye ofisi ya serikali. Bendera ilikuwa inapanda. Wakati ule, kama hata leo, bendera ikipanda kila mtu anasimama palepale alipo, na gari nalo linasimama. Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni ya sombe, majani ya muhogo, akasimama. Wewe ukasimama, mimi nikasimama. Baba peke yake, mbele yetu, aliendelea kutembea kuelekea lile jiwe akitafuna mkate wake. Hakusikia.

Kwenye kona alikuwepo askari. Akatoka, akaanza kumfuata.

Kule Murara, kwa shangazi tulikofikia, nilikuwa nimewasikia mkizungumza kwa sauti ya chini juu ya jirani aliyeshikwa kwa ajili ya jambo kama hilo. Mke wake alikuwa bado hajui amepelekwa wapi.

Ndipo wewe ukatembea. Firimbi ya pili, ya kuruhusu watu watembee, ilikuwa haijalia, hakuna aliyethubutu hata kujikuna, na wewe ukaniacha ukatembea. Niliwaza: watawachukua wote wawili, na mimi sijui hata njia ya kurudi kwa shangazi.

Ulimfikia Baba wakati mmoja na askari. Ukamshika mabega, ukamgeuza akutazame wewe.

"Sitwayeni, bendera inapanda na wewe unatembea?" askari akamfokea; wakati ule kila raia aliitwa hivyo.

"Afande, umuhurumie. Masikio yake yote mbili ilikufa. Hasikie kitu, hata radi."

Ulikuwa uongo, na mimi nilijua. Askari akacheka. "Hata radi? Tutaona." Akazunguka nyuma ya Baba, upande wa kulia. Ukainua mkono kama unampangusa jasho, ukafunika lile sikio zima.

"Tosha mukono, mama."

Ukautoa. Askari akaikoki bunduki karibu kabisa na shingo ya Baba. Mimi niliyekuwa mbali niliruka. Baba hakugeuka. Alikuwa anakutazama wewe tu, mkate ungali shavuni.

"Kweli huyu alikufa masikio," askari akasema. "Umufunge kamba basi, kama mbuzi." Akaenda zake.

Uliketi palepale kwenye mawe meusi, ukaniita nije. Nilikulalia mapajani nikalia mpaka nikakulowesha kitenge. Hukuniambia nyamaza. Nyumbani hamkuitaja tena habari ile, na mimi nikakua nikiamini kwamba Mungu alimziba Baba sikio asubuhi ile.

Tangu tulipokuzika, Baba anakaa kwangu, hapa Mabanga. Wiki iliyopita, alipokuwa bado anasikia kidogo ukimpigia kelele sana, nilimwuliza: Papa, siku ile kweli haukusikia?

"Nilisikia, mutoto wangu. Nilisikia chuma inaingia. Lakini mama yako alinikatalia na macho. Kama ningegeuka, uongo wake ungemuua yeye."

Ee Mama! Mlikuwa mnaogopa wote wawili, na mimi nilidhani ni mimi peke yangu.

Sasa na hilo sikio la kulia limekwenda. Kila asubuhi anang'ang'ana kwenda kiwanjani peke yake, anasema pale ndipo anakuona vizuri. Nikimfungia mlango ananuna siku nzima na chakula hagusi. Jana aliniponyoka nilipokuwa nawasha makala ya kupikia. Firimbi bado inalia, na askari wa siku hizi ni vijana wasio na subira ya kumjaribu mzee.

Naogopa, Mama. Naogopa hao vijana, na zaidi naogopa miguu yangu. Siku moja firimbi italia, Baba atakuwa mbele anatembea, na mimi nitakuwa nyuma nimesimama pamoja na watu wote. Wewe ulitembea. Kila usiku najiuliza kama mimi nitatembea.

Pumzika, lakini usituache.

Binti yako,
Masika