Kibati cha Fundi Kalisti

Ifakara, Jumatano, katikati ya masika.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika kwenye saa nne na kutuachia jua la kuchemsha matope. Mwili mzima, moyo ndio umechoka. Shajara yangu, nivumilie leo. Habari ni ndefu, na mwenye kosa ndani yake ni mimi.

Nianze na suruali, maana mambo yote yameanzia huko. Suruali yangu ya kazini imenibana. Mimi nasema imepungua kwa kufuliwa. Mama Yustina, mke wangu, anasema suruali iko vilevile ilivyonunuliwa, nitafute kilichobadilika. Wiki iliyopita aliipeleka kwa Fundi Kalisti, pale sokoni, ipanuliwe kiunoni. Jana akarudi mikono mitupu. Fundi hajaigusa. Tena akaniambia kuwa hata magauni meupe ya watoto wa komunyo, wenye nayo wameanza kuyachukua na kuyapeleka kwa mafundi wengine.

Nikasema, basi Fundi ameanza kuringa. Nikaazimia kumpitia leo, nimtanie kidogo juu ya suruali, kisha nimkumbushe na jambo la ofisini.

Jambo lenyewe ni kibati. Mimi ndiye karani wa leseni. Kila mwaka wenye baiskeli huja dirishani kwangu kurudisha kibati cha zamani na kupewa kipya, kile kipande cha bati chenye namba kinachofungwa nyuma ya kiti. Baiskeli isiyo na kibati haina ruhusa ya kuingia barabarani. Mzee Salumu, tarishi wetu, huikamata na kuifungia uani kwa ofisi.

Fundi Kalisti miguu yake ilikauka tangu utotoni. Anatembelea chombo cha magurudumu matatu anachokizungusha kwa mikono, alichoundiwa na fundi chuma wa misheni. Mwaka alipokileta mara ya kwanza tulibishana ofisini siku mbili nzima kama hii ni baiskeli au ni mkokoteni. Mwishoni mimi, kwa akili zangu nyingi, niliandika "baiskeli yenye gurudumu la ziada," na Bwana Shauri, mkubwa wetu wa wilaya, alipokuja kutoka Mahenge akatia sahihi bila kucheka. Tangu hapo Fundi hupewa kibati, na pamoja nacho cheti cha kusimamisha chombo chake barazani pa soko, kule ndani ambako baiskeli za sisi wengine haziruhusiwi kufika. Cheti nacho hufanywa upya kila mwaka.

Mwaka huu vyote viwili havikufanywa upya. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Jumatatu Mzee Salumu, mkononi ana orodha niliyomwandikia mimi, akakikamata chombo.

Hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sijakiona ni kilichofuata.

Nimefika langoni mwa soko mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Nikamkuta shemeji yake Fundi anamshusha kutoka kwenye keria ya baiskeli. Baiskeli haivuki lango, kwa hiyo hapo ndipo safari ya shemeji inapoishia. Fundi akavaa malapa ya tairi mikononi, akajifunga vipande vya tairi magotini, akaanza kwenda. Kutoka lango hadi baraza la mafundi mimi huwa sijamaliza hata kujibu salamu za watu nimeshafika. Yeye matope yalimfika viwikoni. Watu walimpisha, wengine wakatazama pembeni.

Mimi nilijifanya nachagua ndizi. Nilichagua ndizi mpaka alipofika.

Pale barazani akanawa mikono kwenye ndoo, akanawa tena, akaipangusa, akaikagua ukucha kwa ukucha, ndipo akaigusa cherehani. Na bado kwenye upindo wa kanga aliyokuwa anaikunja pakabaki alama ya kidole. Ndipo nikaelewa habari ya magauni meupe.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nina mdomo. Nikamsalimu, nikakaa kwenye kigoda cha wateja, nikasema kwa sauti ili mafundi wote wasikie kwamba fundi anayesahau kibati cha chombo chake, suruali ya mtu ataikumbukaje? Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Hakuinua macho.

"Sikusahau, Karani. Tangazo lako linasema kila mwenye chombo atasimama yeye mwenyewe mbele ya karani. Nikasema nifanye mazoezi kwanza."

Mafundi wakaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kuwazidi, maana tangazo ni langu, nimelitunga na kulibandika mimi mwenyewe, na tangu nilibandike sikuwahi kulisoma nikimfikiria yeye.

Kicheko kilipotulia akasema taratibu, kama mtu anayeomba apitishiwe mkasi:

"Ijumaa nilikuja, Baba Yustina. Nilikuwa chini ya dirisha lako."

Nikamwambia haiwezekani, nilitazama kabla ya kufunga.

"Ulikuwa unaimba ule wimbo wa Bikira Maria. Ubeti wa pili uliurudia mara mbili. Wa tatu huujui."

Ni kweli, siujui.

Ijumaa mchana foleni ilikuwa imekwisha. Dirisha langu liko juu; mtu mzima akisimama namwona kuanzia kifuani. Nilipaza sauti: aliyebaki asimame nimwone. Nikatazama, sikuona kichwa. Nikafungua chakula, samaki wa Mama Yustina, nikala huku naimba, nikafunga dirisha. Kisha nikachukua kitabu, na katika safu ambayo pia niliichora mimi, mbele ya jina la Kalisti, nikaandika: Hakusimama.

Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Nikamuuliza kwa nini hakuita. Akasema aliita mara mbili, sauti yangu ikawa juu ya yake. Mara ya tatu aliona haya. Mtu mzima, baba wa watoto, kukaa chini ya dirisha anapiga kelele kama anayeomba sadaka. Chombo alikuwa amekiacha nyuma ya ngazi, upande nisiouona, na ngazi alizipanda kwa magoti. Akazishuka vilevile.

Nikarudi ofisini. Sina hakika kama niliaga.

Kanuni ni hivi: aliyekosa siku ya mwisho humsubiri Bwana Shauri, na Bwana Shauri haji mpaka mto upungue na kivuko kitulie. Hapo ni masika yote, na Fundi kila asubuhi yuko kwenye matope, na wateja wa vitambaa vyeupe hawatamsubiri. Lakini kosa likiwa la karani, husahihishwa siku hiyohiyo, mradi karani aandike pembeni ni kosa gani na atie sahihi yake. Karani aliyenitangulia alihamishwa kwa sababu ya maandishi ya pembeni. Nina watoto wanne na mgomba ndiyo kwanza umezaa.

Nakiri kwako wewe usiyejibu: nilifikiria wino. "Wino ulimwagika." Nani angejua? Nikafikiria pia kumtaja Mzee Salumu, kwamba tarishi hakunijulisha kuna mtu nje. Mwenyewe alikuwa mlangoni, ananitazama ninavyochovya kalamu na kuiacha ikauke. Nikamweleza yote, hata la wino. Amenizidi umri, alikuwa askari, na kunishauri si kawaida yake.

"Bwana Karani," akasema, "kile chombo nilikichukua mbele za watu. Nikikirudisha nataka niwaambie watu kwa nini."

Nikaandika: Alikuwepo. Karani hakumwona. Nikatia sahihi. Herufi zimeyumba kidogo, lakini zinasomeka, na Bwana Shauri atazisoma.

Tukaenda sokoni, Mzee Salumu anasukuma chombo, mimi nyuma na kibati, cheti na kitabu kwapani. Langoni Mzee akasimama na kuwaeleza wauza ndizi, kwa sauti ya kijeshi, kwamba kosa lilikuwa la ofisi. Mmoja akauliza la nani ofisini. Mzee akanionyesha kwa kidevu. Sijui mtu anaweka wapi uso wake wakati kama ule. Mimi niliuweka kwenye mikungu.

Kibati nilikifunga mwenyewe, na bisibisi ikanichubua kidole. Fundi ilibidi atie sahihi ya kupokea, kwa hiyo nikakaa naye chini kwenye mkeka, nikamfungulia kitabu. Ameenda shule ya misheni, anasoma kunizidi. Ule mstari wangu wa pembeni aliusoma muda mrefu kuliko ulivyo. Asante hakusema, wala sikuwa nimemfanyia la kushukuriwa. Akatia sahihi. Kisha kidole chake, safi, kikaanza kushuka kwenye ile safu, Hakusimama, Hakusimama, Hakusimama, kikatua.

"Huyu wa Michenga anayeleta samaki. Ulimwitaje?"

Nikasema nilimwita kwa jina, mara tatu, mpaka nikakasirika.

"Hasikii, Karani. Tangu alipougua ile homa. Sisi hapa humgusa bega."

Mzee Salumu akakohoa. Akasema baiskeli ya huyo mvuvi iko uani kwa ofisi, ya tatu kutoka ukutani, na kwamba jana alimwona barabarani na kapu la samaki kichwani, kwa miguu, akadhani labda ameiuza. Mwenyewe ndiye aliyeikamata.

Sasa jua linazama. Tangazo nimelibandua, nimeandika jingine: badala ya "atasimama" nimeweka "atafika." Neno moja tu, na limenichukua miaka mitano. Mama Yustina ameniuliza habari ya suruali, nikamwambia bado haijapanuliwa. Amenitazama, akanitilia ugali mdogo kuliko wa jana, akasema hiyo nayo ni njia.

Kitabu kiko hapa mezani. Ukimtoa Fundi, wamebaki kumi na mmoja wa Hakusimama. Wengine huenda walipitiwa tu, au wamehama, au baiskeli zimewafia. Zamani ningesema wote ni wavivu na nisingekosa usingizi. Leo kila jina naliona kama kuna mtu chini yake, ananisikia ninavyoimba.

Kesho naanza na Michenga, mapema, kabla maji hayajafunga njia. Kitabu nitakifunga kwenye mpira kisilowe. Nyumba nitaelekezwa. Ila tangu nimekaa hapa najiuliza jambo dogo, na jibu silipati: nikifika uani kwake nikakuta mlango umerudishwa, nitapiga hodi namna gani?